Mti uhesabiwe ukivuka kiangazi cha tatu

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti na watendaji wa vijiji, maafisa ugani na maafisa misitu, wajumbe wa kamati za maliasili, wazee wetu, ndugu wakulima na wafugaji wa Dodoma na Singida: tunawasalimu na tunawashukuru kwa kufika, hasa wiki hizi ambazo kila mtu anaandaa shamba.

Kila msimu wa mvua taarifa za upandaji miti hutoka kijijini zikaenda kata, zikatoka kata zikaenda halmashauri, na namba inayosafiri ni moja tu: miche iliyopandwa. Kila halmashauri nchini imepewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka. Juu ya hapo Tanzania imeahidi kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyochoka ifikapo 2030, kupitia AFR100, mpango wa nchi za Afrika wa kurejesha ardhi ulioanzishwa 2015. Kenya imeahidi hekta milioni 5.1, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo milioni 8, Uganda milioni 2.5, Rwanda na Burundi milioni 2 kila moja. Ni ahadi nzuri na tunaziunga mkono kwa moyo wote. Lakini ahadi ni ya hekta, taarifa ni ya miche, na mche uliotoka jana kwenye kiriba, mfuko wake wa plastiki wa kitaluni, haujarejesha hata futi moja ya ardhi. Tunachowaomba ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. Mti uhesabiwe ukiwa umevuka kiangazi cha tatu. Na kabla ya kununua mche, tuangalie kwanza kilichomo ndani ya udongo wetu.

Tuanze na mche, maana ndiko fedha nyingi zinakokwenda. Kanda hii hupata milimita 500 hadi 700 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, na katikati yake mara nyingi hupita wiki mbili tatu za jua kali, Januari au Februari. Mche wenye mzizi wa sentimita 20 unatakiwa uwe ardhini mara mvua nzuri za kwanza zikishalowesha udongo kupita kina cha jembe, upate miezi minne ya kushusha mzizi kabla ukavu haujaanza. Sasa tutazame kalenda. Aprili mosi imezoeleka kuwa siku ya kupanda miti kitaifa. Kwa Tanga, Pwani au Kilimanjaro, ambako masika ndiyo yanaingia, tarehe hiyo inafaa kabisa. Kwa Dodoma na Singida ni kuukabidhi mche kwa kiangazi cha miezi saba. Halmashauri za kanda hii zipande Desemba na mwanzoni mwa Januari, halafu Aprili mosi wananchi wakusanyike kuhesabu vilivyopona. Nayo ni sherehe ya miti, tena yenye faida.

Tatizo jingine liko ndani ya kiriba. Mche uliokaa kitaluni muda mrefu huzungusha mzizi chini ya plastiki, na mzizi uliojizungusha haunyooki tena baada ya kupandwa. Mti utakua vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, halafu ukifika kimo cha mtu upepo unaulaza, au unanyauka ghafla kiangazi bila sababu inayoonekana. Ukichana kiriba ukakuta mzizi umezunguka, kata sentimita mbili tatu za chini kwa kisu kikali. Ukiwa umezunguka sana, acha mche huo. Na kiriba kitoke chote. Kukitoboa au kukichana upande mmoja na kukifukia hakutoshi.

Lakini mashamba mengi ya kanda hii hayahitaji kiriba hata kimoja. Pita kwenye shamba la mtama mwezi Oktoba, kabla halijalimwa, utakuta vichaka vya kimo cha goti vimetapakaa: mgunga, mpingo, na jamii nyingine nyingi za pori. Mkulima huvifyeka kila mwaka na kila mwaka hurudi. Hurudi kwa sababu chini yake kuna mzizi wa mti uliokatwa miaka mingi iliyopita, mzizi wenye akiba ya chakula na unaofikia unyevu ambao mche hautaufikia kwa muda mrefu. Chipukizi la mzizi wa namna hiyo likiachwa linaweza kupita mita moja ndani ya mwaka. Hakuna kitalu kinachoweza kushindana nalo, wala hakuna anayedai fedha kwa ajili yake.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Niger, nchi kavu kuliko hapa. Mwaka 1983, katika eneo la Maradi, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia ambaye miche aliyoisimamia ilikuwa ikifa kila mwaka, alianza kuwahimiza wakulima walinde machipukizi ya visiki mashambani mwao. Eneo lililorejea uoto kusini mwa nchi hiyo linakadiriwa kufika hekta milioni 5, na mabadiliko yake yanaonekana kwenye picha za setelaiti. Kuna jambo ambalo husahaulika habari hii inaposimuliwa, nalo ni la umiliki. Tangu enzi za ukoloni, mti wa Niger ulihesabiwa kuwa mali ya serikali hata ukiwa katikati ya shamba la mtu. Mkulima aliyeutunza hakuwa na uhakika wa kuuvuna, hivyo aliufyeka ungali mdogo. Masharti yalipolegezwa akaanza kuuona mti kuwa wake, na kazi ikaenea kutoka jirani hadi jirani. Kwetu njia hii inaitwa kisiki hai. Mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yameieneza katika vijiji vingi vya Dodoma, na baadhi yenu mnaifanya tayari. Tutaieleza kwa kirefu kidogo hata hivyo, kwa sababu makosa yanayoiharibu ni madogo na yanajirudia.

Tuchukue kisiki kimoja cha mgunga chenye machipukizi kumi na tano, kimo cha kiunoni. Kazi ifanyike kiangazi, Agosti hadi Novemba, kabla mti haujaanza kusukuma majani mapya. Kwanza kizunguke kisiki bila kukata chochote. Tafuta machipukizi matatu yaliyonyooka, manene kuliko wenzake, yaliyotoka chini kabisa karibu na udongo. Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Chipukizi lililotoka juu ya kisiki kirefu, sentimita 40 au 50 kutoka ardhini, limejishika kwenye gome tu. Kisiki kikianza kuoza linabanduka na upepo, wakati tayari limefikia unene wa mkono na mkulima ameshalihesabu kuwa mti. Lililotoka usawa wa udongo hujishikiza vizuri, na mara nyingine huota mizizi yake lenyewe.

Yale kumi na mawili yakatwe yote, chini kabisa, bila kuacha vigingi. Panga liwe kali, nalo likate kutoka chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu, tawi huanguka kabla halijakatika lote na huchana gome la shina unalotaka kulibakiza. Kwa machipukizi yaliyozidi unene wa dole gumba, msumeno wa kupogolea ni bora. Kisha, kwenye yale matatu, ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu wa shina. Nusu, isizidi. Wengi hunyoa mpaka kinabaki kishungi cha majani kileleni, kwa kuwa mti unaonekana umesafishwa vizuri. Shina hilo halina majani ya kulilisha, linarefuka likiwa jembamba, na dhoruba ya kwanza ya Desemba inalikunja mpaka chini. Mwishowe funga kitambaa chekundu au cha rangi yoyote inayoonekana kwa mbali. Kitambaa ndicho kinachomwambia mwenye plau, mchungaji na mtafuta kuni kwamba kichaka hiki sasa ni mti na una mwenyewe.

Rudi baada ya miezi mitatu, na tena kabla ya mvua zinazofuata, ukate machipukizi mapya yatakayoota kisikini. Asiyerudi atakuta kichaka kilekile alichokikuta mwanzo. Mwaka wa pili au wa tatu, vuna shina moja kwa ajili ya fito au kuni, ubaki na mawili. Tunaanza na matatu kwa sababu moja linaweza kuliwa na mbuzi, na kwa sababu mkulima anayepata kuni za nyumbani mwaka wa pili ndiye atakayeendelea mwaka wa tano. Kuhusu idadi, shamba la mtama au alizeti linabeba vizuri miti 40 hadi 100 kwa hekta. Mia moja ni sawa na mti mmoja kila mita 10 kwa 10. Mnaolima kwa ng'ombe au trekta, chagueni visiki vinavyokwenda mstari mmoja na plau, hata kama kisiki kizuri kuliko vyote kiko pembeni ya mstari. Kilichomo katika njia ya plau kitang'olewa tu.

Pale ambapo visiki vimekwisha na ardhi imekuwa ngumu, maji yatangulie. Mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa na mkulima wa kijiji cha Chololo hapahapa Dodoma, yana kipenyo cha sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30, yakipishana sentimita 60 katika mstari na sentimita 90 kati ya mstari na mstari. Ndani huwekwa majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabaki ya mazao, kisha mbegu. Kwenye mteremko tumieni makinga maji ya fanya juu, mtaro wa sentimita 60 kwa 60 na udongo ukitupwa upande wa juu. Adui wa makinga maji ni kupima kwa macho. Tuta likishuka kidogo tu upande mmoja, maji ya shamba zima hukusanyika hapo, hupasua, na korongo jipya huanzia mahali ambapo halikuwapo. Fremu ya A inatosha: fito mbili za mita 2, moja fupi ya kukatiza, uzi na jiwe. Kabla ya kuitumia isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama uzi unapogusa ufito wa kukatiza, geuza miguu ibadilishane vigingi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Bila hatua hiyo, tuta zima litafuata upinde wa fito.

Haya ni ya shamba la mtu mmoja. Kwa ardhi ya pamoja, mfano wetu mkubwa ni ngitili za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa msimu. Shinyanga ilifyekwa miaka ya 1920 hadi 1940 ili kuangamiza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, na kuhamishiwa watu vijijini miaka ya 1970 kukavunja utaratibu wa zamani wa kutenga malisho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki na kuandikwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofikia ukingoni mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000 katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao sehemu yake leo ni Simiyu. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Siri haikuwa kitalu. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikiwa kimekomaa, Julai au Agosti, malisho mengine yakiwa yamekwisha. Miezi hiyo ya kufungwa inatosha nyasi kutoa mbegu na visiki kuinuka juu ya mdomo wa mbuzi. Ulinzi ulikuwa mikononi mwa dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi, vyombo ambavyo watu walikuwa navyo tayari na walivitii. Mfugaji alilinda kwa sababu alijua ng'ombe wake watakula humo Agosti. Hapo ndipo tofauti ilipo na eneo la Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 na mwaka 1979 mifugo yote, zaidi ya vichwa 80,000, iliondolewa kwenye kilomita za mraba 1,256 zilizoharibika. Uoto ulirudi kweli, makorongo yakaanza kupona, na hakuna anayepinga hilo. Lakini mzigo wote walibebeshwa wenye mifugo, na ilichukua miaka kumi hivi kabla ya ufugaji wa ndani kuletwa kama njia mbadala. Tukipewa nafasi ya kuchagua tutachagua kufunga kwa msimu, na anayefungiwa awe ndiye atakayefunguliwa.

Sasa tuje kwenye kupima, ambako ndiko tumelegea zaidi.

Kwa ngitili au msitu wa kijiji, mnahitaji kamba ya mita 5.64, vigingi, daftari, na futi ya fundi cherehani. Kamba ya urefu huo ikizungushwa kwenye kigingi hutoa duara la mita za mraba 100, yaani sehemu ya mia moja ya hekta. Ukihesabu miti saba ndani yake, ni miti 700 kwa hekta. Hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo. Kwenye mteremko kamba ishikwe ikiwa imelala sawa hewani, isifuate ardhi, la sivyo duara linakuwa dogo kuliko mnavyodhani. Unene wa mti upimwe mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu wa mteremko. Mzingo uliosomwa kwenye futi ugawanywe kwa 3.14 kupata kipenyo. Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, yaandikwe mashina mawili. Machipukizi yasiyofika kimo hicho yahesabiwe kwenye safu yake peke yake, kwa sababu hayo ndiyo msitu wa miaka kumi ijayo: msitu wenye miti minene mingi bila machipukizi unazeeka, hata kama unapendeza.

Duara liwe la kudumu. Kigingi cha chuma au jiwe lililopakwa rangi, namba, na alama za GPS pamoja na kiasi cha kukosea ambacho simu inaonyesha, kwa kuwa chini ya miti simu inaweza kukosea mita kumi au zaidi. Na mahali pa duara pachaguliwe kwenye ramani kabla ya kuingia msituni, kwa mistari inayokatana kwa umbali sawa. Kamati ikiachiwa ichague ikiwa ndani, itachagua penye njia, au penye miti mizuri ya kuonyesha wageni. Matokeo ya namna hiyo yanapotosha kuliko kutopima kabisa, maana yanaaminiwa.

Kwa miche na visiki vya shambani msichukue sampuli; vihesabuni vyote, ni vichache. Hesabu ya kwanza miezi mitatu baada ya kupanda au kupogolea, ya pili kiangazi cha kwanza kikiisha, ya tatu kiangazi cha tatu kikiisha. Kila kilichokufa kiandikiwe sababu: mbuzi, moto, mchwa, jua, jembe, panga. Tungependa mkumbuke safu hii hata mkisahau mengine yote. Ukiambiwa kwamba asilimia 40 ya miche imekufa, hujui la kufanya. Ukiambiwa kwamba mingi katika hiyo ilikatwa na jembe la palizi mwezi Januari, unajua kwamba tatizo ni vibarua ambao hawakuonyeshwa vitambaa, na mwakani unawaonyesha siku ya kwanza ya palizi. Mchwa wanahitaji majivu. Jua linahitaji kupanda mapema au kuchimba shimo la kukinga maji. Panga linahitaji mkutano wa kijiji. Sababu ya kifo huonekana kwa wiki chache tu. Baada ya hapo mche ni kijiti kikavu na kila mtu atasema ni ukame.

Pia pigeni picha. Chagueni sehemu tano sita, simamisheni nguzo ya mita 1.5, simu iwekwe juu yake ikielekea upande uleule, mwezi uleule kila mwaka. Mwezi ni muhimu mno. Picha ya Machi ikiwekwa pembeni ya picha ya Septemba inaweza kuonyesha jangwa au pepo, ardhi ikiwa ileile.

Onyo hilohilo linahusu setelaiti, na hapa tunazungumza zaidi na maafisa wa halmashauri. Picha za setelaiti za Landsat zipo tangu 1972, ni za bure tangu 2008, na kila nukta yake, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, siku hizi ni mita 30 kwa 30 za ardhi. Setelaiti za Sentinel-2 zina nukta za mita 10 na hupita mahali palepale kila siku tano. Ni hazina kubwa, na haina malipo. Lakini kinachopimwa na vipimo vya uoto ni ukijani, na ukijani una mambo mengi ndani yake. Miombo hupukutisha majani kiangazi na huchipua tena kabla mvua hazijanyesha, kwa hiyo wiki chache zinabadilisha jibu. Shamba la mikaratusi na msitu wa asili vinaweza kusomeka sawasawa. Baringo, Kenya, mathenge, mti wa kigeni uliovamia malisho, unaonekana kijani safi kutoka angani, wakati wafugaji chini wamepoteza nyasi zao. Na mwaka wenye mvua nyingi, kama ulivyokuwa msimu wa 2019/2020, hufanya kila mradi uonekane umefaulu.

Dawa ya hili la mwisho ni kulinganisha. Kwa kila ngitili mnayoifuatilia, chukueni eneo jirani lenye udongo na mvua ileile ambalo halikufungwa, mlisome pamoja, tarehe zilezile. Tofauti kati ya mawili ndiyo kazi yenu. Kilichopanda kwenye yote mawili ni mvua. Taarifa isiyo na eneo la kulinganisha isipokelewe, tunasema hivyo waziwazi.

Miti ya shambani ina shida yake. Kitakwimu Tanzania huhesabu msitu kuanzia nusu hekta, miti ya kimo cha mita 3, na vilele vinavyofunika asilimia 10 ya ardhi. Shamba lenye mashina 60 machanga kwa hekta halifiki hapo, na kwenye nukta ya mita 10 kivuli cha mti mmoja huchanganyika na mtama na udongo mtupu. Ramani za dunia zitasema hakuna kilichotokea. Njia inayofaa ni kuhesabu kwa macho kwenye picha kali kwa kutumia Collect Earth ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, programu ya bure: huweka kwenye picha mraba wa mita 70 kwa 70, karibu nusu hekta, wenye vitone 49. Unahesabu vitone vilivyoangukia kwenye kilele cha mti, unazidisha kwa mbili, unapata asilimia ya kivuli kwa makadirio mazuri. Mtu mmoja aliyezoea anaweza kumaliza miraba mingi kwa siku moja ofisini.

Kuhusu tahadhari za ukataji zinazotumwa kupitia mtandao wa Global Forest Watch, zitumieni kwa tahadhari vilevile. Zinafanya kazi vizuri kwenye misitu mizito ya mvua kama ya bonde la Kongo. Katika vichaka vyetu vya mgunga mkaa unaweza kuchomwa mti mmoja mmoja kwa miaka bila nukta hata moja kubadilika, na hapo hakuna mbadala wa watu wa doria. Tahadhari za moto za NASA zina manufaa zaidi kwetu. Nukta zake bora ni za mita 375 na taarifa hufika ndani ya saa chache. Afisa misitu ajiandikishe kwa barua pepe, apeleke ujumbe kwa mwenyekiti wa kijiji kwa simu. Moto mdogo uliowaka na kuzimika setelaiti ikiwa haipo hautaonekana, basi kutopata ujumbe kusichukuliwe kuwa hakukuwa na moto.

Yote haya yanasimama juu ya sheria ndogo. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia. Sheria ndogo inaandaliwa na halmashauri ya kijiji, inajadiliwa kwenye mkutano mkuu, inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Vijiji vingi huishia mkutano mkuu na kuanza kutoza faini. Mtu wa kwanza atakayekwenda mahakamani atashinda, na siku hiyo ulinzi wote umevunjika. Fuatilieni muhuri wa wilaya kabla ya faini ya kwanza. Faini itozwe kwa stakabadhi, jumla yake isomwe kwenye mkutano mkuu pamoja na hesabu ya miti, na sehemu yake ilipe walinzi wa doria, kwani mlinzi asiyelipwa anaishia kulipwa na mchoma mkaa. Mipaka ya ngitili ijadiliwe na wafugaji wakiwa wamekaa mezani tangu mwanzo, na njia za mifugo kwenda kwenye maji zichorwe kabla ya mipaka yenyewe.

Limebaki la mashamba ya kukodi, ambalo linaua visiki vingi kuliko tunavyokubali. Anayekodi kwa msimu mmoja anataka shamba jeupe. Kivuli cha mti wa miaka mitano ijayo hakimhusu, na mwenye shamba mara nyingi yuko mjini. Tunapendekeza mkataba wa kukodi uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, na ndani yake iingizwe idadi ya miti na visiki vilivyofungwa vitambaa, baada ya pande zote mbili kuzunguka shamba pamoja na kuhesabu. Pande hizo zikubaliane kiasi cha amana na fidia ya kila mti. Msimu ukiisha wazunguke tena, na fidia ya mti uliopotea ikatwe kwenye amana. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, iingie kwenye daftari lilelile la kamati ya maliasili, kwenye safu ya sababu, ili mwakani kijiji kijue ni mashamba gani yanapoteza miti na yamekodiwa kwa masharti gani. Asanteni, maswali tuyapokee.